Kutoka Takwimu hadi Bajeti: Mwongozo wa Kutumia Viashiria vya Kijamii na Kiuchumi katika Mipango ya Maendeleo

Mkoa wa Iringa hulima mahindi, viazi na mbogamboga zinazolisha miji ya mbali, na katika takwimu za pato la mkoa kwa kila mtu umekuwa ukishika nafasi za juu Tanzania Bara. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban asilimia 57 ya watoto wa mkoa huo wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa, mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini inayojulikana kwa mavuno, ilikuwa karibu na asilimia 50. Mtu aliyeitazama mikoa hii kwa kiashiria cha uzalishaji wa chakula peke yake angeiondoa katika orodha ya maeneo yanayohitaji fedha za lishe, na kosa lake lingelipwa na mtoto ambaye ghala la wazazi wake limejaa.

Mwongozo huu unawalenga maafisa mipango, wachumi wa mikoa na halmashauri, madiwani na wanachama wa asasi za kiraia wanaoshiriki kuandaa au kuhoji mipango ya maendeleo. Mifano yake inatoka Tanzania. Msimamo unaouongoza ni mmoja: kiashiria kina kazi katika mpango pale tu ambapo kupanda au kushuka kwake kunaweza kuhamisha fedha, watumishi au muda kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kiashiria kisichoweza kufanya hivyo kinaweza kubaki katika kitabu cha takwimu, ambako kina heshima yake, lakini hakina sababu ya kujaza kurasa za mpango.

Hatua ya kwanza: Andika uamuzi kabla ya kutafuta takwimu

Mipango mingi huanza na sura ya hali ilivyo, ambayo hukusanya kila namba inayopatikana kuhusu idadi ya watu, mvua, shule, barabara na mifugo, kisha hufuata sura ya vipaumbele ambayo ingeweza kuandikwa hata kama namba hizo zingekuwa tofauti kabisa. Njia ya kuepuka hali hiyo ni kuanza na karatasi moja yenye maswali ambayo mpango unatakiwa kuyajibu. Je, fedha za maji za mwaka huu zichimbe visima vipya au zikarabati vilivyoharibika? Je, walimu wapya wapelekwe shule zipi? Je, kituo cha afya kinachofuata kijengwe kata gani? Kiashiria hutafutwa baada ya swali kuandikwa, na swali lenyewe ndilo huamua kinahitajika kwa usahihi kiasi gani na katika ngazi ipi ya utawala.

Ngazi hizo zisichanganywe. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, inalenga uchumi wenye thamani ya dola za Marekani trilioni 1 na pato la dola 7,000 kwa kila mtu ifikapo mwaka 2050. Hivyo ni viashiria sahihi kwa Tume ya Mipango na kwa Wizara ya Fedha, kwa sababu vinaamua kasi ya uwekezaji, ukopaji na mapato ya ndani ambayo taifa linapaswa kuifikia. Halmashauri inayovinakili katika utangulizi wa mpango wake inajua taifa linaelekea wapi, lakini bado haijajua zahanati ipi ipelekewe muuguzi.

Hatua ya pili: Chagua viashiria vichache vinavyofuatana

Baada ya swali kuwa wazi, panga viashiria kwa mfuatano unaoanzia kwenye kile kinachotolewa na serikali na kuishia kwenye kile kinachobadilika katika maisha ya watu. Katika elimu, kwa mfano, mfuatano huo una madarasa na walimu, kisha uandikishaji na mahudhurio, kisha kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kila hatua ya mfuatano iwakilishwe na kiashiria kimoja au viwili. Mpango unaochagua viashiria vya hatua moja tu utaongozwa vibaya hata kama takwimu zake zote ni za kweli.

Historia ya elimu ya msingi nchini inaonyesha hatari hiyo vizuri. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, kuanza mwaka 2002, kiwango halisi cha uandikishaji, ambacho mwaka 2000 kilikuwa chini ya asilimia 60, kilipanda hadi kupita asilimia 95 kabla ya muongo huo kumalizika. Yalikuwa mafanikio makubwa ambayo hayapaswi kubezwa, kwa kuwa mamilioni ya watoto waliingia darasani. Lakini katika miaka hiyo hiyo kiwango cha ufaulu wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kilishuka kutoka asilimia 70.5 mwaka 2006 hadi asilimia 49.4 mwaka 2009. Kiashiria cha uandikishaji hakikudanganya. Kilijibu swali la nani yuko shuleni, wakati swali lililokuwa limekomaa ni nani anajifunza. Mpangaji aliyeviweka viashiria vyote viwili katika jedwali moja tangu mwanzo angeona mapema kwamba walimu wanazidiwa na idadi ya wanafunzi.

Somo hilo linahusu pia maji vijijini. Uhakiki wa vituo vya maji vijijini uliokamilika mwaka 2013 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya vituo vilivyokuwa vimejengwa havikuwa vikitoa maji. Kwa miaka mingi idadi ya watu wanaohudumiwa ilikuwa ikikokotolewa kwa kuhesabu vituo na kuvizidisha kwa idadi ya watu ambao kila kituo kinatarajiwa kuwahudumia, kwa hiyo bomba lililokauka liliendelea kuhudumia watu 250 kwenye karatasi. Ukichagua kiashiria cha huduma, hesabu huduma inayotolewa leo badala ya jengo lililozinduliwa zamani.

Hatua ya tatu: Tengeneza kadi ya kila kiashiria

Kila kiashiria kilichochaguliwa kiandikiwe kadi ya ukurasa mmoja yenye mambo haya: jina, fasili, kiasi na asili za mgawanyo (yaani namba inayogawanywa na namba inayogawanya), chanzo, mara ngapi hupatikana, ngazi ya chini kabisa ambayo takwimu zake zinaaminika, na jina la cheo cha mtumishi anayewajibika kukitunza. Kazi hii huonekana ya kikarani, lakini mabishano mengi katika vikao vya bajeti hutokana na watu wawili kutumia jina moja kwa vitu viwili tofauti.

Chukua neno umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulimhesabu mtu kuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi iwapo matumizi yake, baada ya kurekebishwa kulingana na umri na jinsia, hayakufikia shilingi 49,320 kwa mwezi, yaani takriban shilingi 1,640 kwa siku. Mstari wa umaskini wa chakula ulikuwa shilingi 33,748. Kwa mstari wa kwanza, asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa maskini, na kwa mstari wa pili asilimia 8. Namba zote mbili ni sahihi, na mjumbe wa kikao anaweza kunukuu yoyote anayoipenda iwapo kadi haijaeleza ipi ndiyo ya mpango. Ikumbukwe vilevile kwamba kipimo hiki ni cha matumizi, si cha mapato, na hakioni moja kwa moja umbali wa kisima au kukosekana kwa choo.

Kwa viashiria vya kiuchumi, kadi haikamiliki bila kutaja mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kulinganisha miaka mingine, na aina ya bei. Pato la Taifa kwa bei za mwaka husika hukua hata pale bei tu zinapopanda, ndiyo maana kasi ya ukuaji husomwa kwa bei za mwaka wa kizio, ambao kwa sasa nchini ni 2015. Mwaka wa kizio unapobadilishwa, mfululizo mzima wa takwimu hubadilika. Kenya ilipohuisha takwimu zake mwezi Septemba 2014, Pato lake la Taifa la mwaka 2013 liliongezeka kwa takriban asilimia 25 bila mkulima hata mmoja kuvuna gunia la ziada, kwa kuwa shughuli ambazo awali hazikuwa zikihesabiwa ipasavyo sasa zilihesabiwa. Kwa sababu hiyo, usilinganishe namba kutoka mfululizo wa zamani na namba kutoka mfululizo mpya, na usilinganishe uwiano wa deni au wa kodi kwa Pato la Taifa bila kuhakikisha kwamba asili ya mgawanyo ni ile ile.

Hatua ya nne: Ujue uwezo na mipaka ya kila chanzo

Vyanzo vikuu ni vitatu. Sensa humfikia kila mtu lakini huja mara moja katika miaka kumi. Tafiti za kaya huuliza kwa kina lakini hutumia sampuli. Taarifa za kiutawala, kama zile za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, katika vituo vya afya na takwimu za shule, hupatikana kila mwezi au kila mwaka lakini huwaona tu wale waliofika kituoni au shuleni. Mpango mzuri huvitumia vyote vitatu kwa kuvisahihishia kimoja kwa kingine.

Kosa linalojitokeza zaidi liko kwenye asili ya mgawanyo, yaani idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na kuonyesha ongezeko la asilimia 2.7 kwa mwaka. Mtu aliyeikuza idadi hiyo kwa kasi hiyo hiyo kwa miaka kumi angepata takriban watu milioni 58.6, lakini Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kasi ya ongezeko ikawa asilimia 3.2. Tofauti ya watu zaidi ya milioni 3 haikugawanyika sawasawa, kwani huangukia zaidi kwenye maeneo yanayopokea wahamiaji. Wilaya inayokua haraka ikigawanya idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto iliyokadiriwa chini ya uhalisia, itapata kiwango cha chanjo kinachopita asilimia 100 na kupongezwa, wakati wapo watoto ambao hawajafikiwa kabisa. Kiwango kinachopita asilimia 100 kichukuliwe kama taarifa ya hitilafu na kichunguzwe kabla ya kuwekwa kwenye ripoti. Makadirio yote ya halmashauri yanapaswa sasa kuanzia kwenye sensa ya 2022.

Mpaka wa pili ni wa ngazi. Takwimu za udumavu zilizotajwa mwanzoni zinatoka katika sampuli iliyoundwa kutoa picha ya taifa na ya mkoa. Hakuna njia halali ya kuzichukua na kuzibandika kwenye kata. Afisa anayetaka kupanga kata zake kwa hali ya lishe anaweza kutumia vipimo vya uzito na urefu vinavyochukuliwa kliniki, akikumbuka kwamba mama asiyekwenda kliniki hamo, kisha akavipima dhidi ya takwimu za sensa za ngazi ya kata kuhusu chanzo cha maji, aina ya choo na kiwango cha elimu cha wanawake. Pale ambapo vyanzo vyote vinaielekea kata ile ile, anaweza kuamua kwa ujasiri. Pale vinapotofautiana, siku mbili za kutembelea vijiji na kuzungumza na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zitamfaa kuliko wiki nzima ya kuchambua jedwali.

Hatua ya tano: Soma mabadiliko kwa subira

Hakuna kiashiria kinachofundisha subira kuliko vifo vitokanavyo na uzazi. Tafiti za kaya zilikadiria vifo 454 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2010, kisha 556 katika utafiti wa 2015/16, kisha 104 mwaka 2022. Mpangaji aliyesoma namba mbili za kwanza bila tahadhari angehitimisha kwamba huduma za uzazi zimeporomoka. Lakini kifo cha mama mjamzito, pamoja na uchungu wake wote kwa familia, ni tukio linalotokea mara chache katika sampuli. Hukadiriwa kwa kuwauliza wanawake kuhusu ndugu zao wa kike, na hujumlisha vifo vya miaka kadhaa nyuma. Makadirio ya namna hiyo huwa na wigo mpana wa makosa, yaani namba halisi inaweza kuwa juu au chini sana ya makadirio, na wigo wa mwaka 2010 na ule wa 2015/16 uliingiliana, hivyo haikuwezekana kusema kwa uhakika kwamba kiwango kimepanda.

Katika kipindi hicho hicho, kiwango cha wanawake waliojifungulia katika kituo cha afya kilipanda kutoka asilimia 50 mwaka 2010 hadi 63 mwaka 2015/16 na 81 mwaka 2022. Kiashiria hiki ni rahisi kupima, kinabadilika mapema, na kinahusiana moja kwa moja na mambo ambayo bajeti inaweza kuyagusa, kama vile wakunga, vyumba vya upasuaji, damu na magari ya wagonjwa. Kanuni ya kufuata ni kuweka kiashiria kizito kama lengo la muda mrefu, na kukiambatanisha na viashiria vyepesi vya karibu ambavyo ndivyo vitakavyofuatiliwa kila robo mwaka. Kila takwimu ya utafiti inakiliwe pamoja na wigo wake wa makosa, na tofauti iliyo ndani ya wigo huo isiitwe mafanikio wala kushindwa.

Hatua ya sita: Vunja wastani, kisha hesabu watu

Ile asilimia 26.4 ya umaskini wa mwaka 2017/18 ilikuwa na sura mbili ndani yake: asilimia 31.3 vijijini na asilimia 15.8 mijini. Kila kiashiria kivunjwe kwa eneo, jinsia, umri na, inapowezekana, hali ya ulemavu na kiwango cha matumizi ya kaya. Baada ya hapo, asilimia zigeuzwe kuwa idadi ya watu, kwa sababu fedha huwahudumia watu. Kati ya mwaka 2007 na 2018 kiwango cha umaskini kilishuka kutoka asilimia 34.4 hadi 26.4, lakini kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka haraka, idadi ya maskini ilipanda kutoka takriban milioni 13 hadi takriban milioni 14. Waziri anayesema umaskini umepungua na mbunge anayesema maskini wameongezeka wote wawili wanasema kweli, na mpango unapaswa kuwajibu wote wawili.

Tuchukue mfano wa kubuni wa halmashauri yenye fedha za kuendesha mradi mmoja wa lishe. Kata ya kwanza ina watoto 2,000 wenye umri chini ya miaka mitano, na asilimia 30 wamedumaa, yaani watoto 600. Kata ya pili ina watoto 500, na nusu yao wamedumaa, yaani watoto 250. Ukipanga kwa asilimia, fedha zinakwenda kata ya pili. Ukipanga kwa idadi, zinakwenda kata ya kwanza. Hakuna fomula itakayoliondoa jambo hili mikononi mwa madiwani, kwa kuwa ni uamuzi wa haki na si wa hesabu. Maoni yangu ni kwamba pale gharama ya kumfikia mtoto mmoja inapolingana, idadi itangulie. Pale kata yenye asilimia kubwa inapokuwa pia mbali na huduma nyingine zote, iongezewe uzito. La msingi ni kwamba uzito huo uandikwe na kupitishwa kabla kata hazijatajwa kwa majina.

Kwa Iringa, kuvunja wastani kunahitaji pia kuangalia ndani ya kaya. Mahindi yaliyojaa ghalani ni ya biashara na ni ya ugali. Mtoto mchanga anahitaji kunyonya kikamilifu, kisha kula mara kadhaa kwa siku vyakula vya makundi mbalimbali, na hayo hutegemea muda wa mama ambaye msimu wa kilimo unamchukua shambani tangu alfajiri. Viashiria vinavyofaa hapo ni idadi ya makundi ya chakula anayokula mtoto wa miezi 6 hadi 23, mzigo wa kazi wa mjamzito na uwepo wa mahali pa kulelea watoto karibu na mashamba. Mpango unaojibu udumavu wa Iringa kwa kuongeza mbolea ya ruzuku utakuwa umejibu swali la mkoa mwingine.

Hatua ya saba: Funga kiashiria kwenye fedha

Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha mfumo wa kugawa ruzuku za serikali za mitaa kwa kanuni. Katika afya, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 70, na idadi ya maskini, umbali wa njia za magari ya huduma za afya na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapewa asilimia 10 kila kimoja. Huu ni mfano bora wa kiashiria kilichopewa nguvu ya kuhamisha shilingi. Udhaifu ulijitokeza katika utekelezaji, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hizo ni mishahara, na mishahara humfuata mtumishi pale alipo. Halmashauri zilizokuwa na watumishi wengi ziliendelea kupata zaidi, na za pembezoni zikabaki na kanuni nzuri bila waganga. Kwa hiyo, unapofunga kiashiria kwenye ruzuku, kifunge pia kwenye vibali vya ajira na uhamisho.

Katika jedwali la bajeti, ongeza safu inayotaja kiashiria ambacho kila mradi unakusudia kukigusa, na kwa kiasi gani. Mradi usioweza kujaza safu hiyo usogezwe chini ya orodha hadi mhusika atakapoeleza.

Hatua ya nane: Weka shabaha kwa kuangalia kasi iliyopita, na uifuate kalenda

Shabaha ianze na kasi inayojulikana. Udumavu kitaifa ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, yaani chini ya pointi moja kwa mwaka. Mkoa unaojiwekea shabaha ya kupunguza pointi 15 katika miaka mitatu unapaswa kuonyesha ni rasilimali gani mpya zitakazozidisha kasi hiyo mara tano na zaidi. Ukishindwa, shabaha ishushwe kabla ya kupitishwa, maana shabaha isiyofikika huwasukuma watumishi kupika takwimu ili kujinusuru.

Mwisho, pangilia uchambuzi kulingana na mzunguko wa serikali. Bunge hujadili mapendekezo ya mpango wa mwaka unaofuata mwezi Novemba, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kadi za viashiria zikihuishwa kati ya Agosti na Oktoba, zitaukuta mjadala ukiwa wazi, lakini zikikamilika mwezi Machi, zitakuta ukomo wa bajeti umeshatolewa. Jedwali moja la viashiria, lenye takwimu za awali, shabaha na hali ya sasa, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata na lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ili mama aliyepimiwa mtoto kliniki aone namba ya kata yake na aulize fedha zilizofuata namba hiyo zimefanya nini.